Kuni Mbichi na Makala Yasiyo na Moshi: Kweli au Uongo?

Usiku wa Julai, anayelala Kalundu, ufukweni mwa Uvira, anaacha dirisha wazi apate upepo wa ziwa. Usiku huohuo, anayelala Minembwe, juu milimani, amejifunika blanketi mbili na bado anasogea kwenye figa. Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na Hauts Plateaux zinafika mita 2,500 na kupita. Kila ukipanda mita 1,000, hewa inapoa kwa digrii 6 hivi, kwa hiyo mtu wa juu ana baridi ya digrii 10 zaidi ya ndugu yake wa ufukweni. Huku chini moto ni wa chungu. Kule juu ni wa chungu, wa mwili, wa nguo zilizolowa na wa mazungumzo.

Lakini maneno juu ya kuni ni yaleyale, juu na chini. Mama mkwe anamwambia mkwe, mchuuzi anamwambia mnunuzi, na hakuna anayesimama kuuliza. Tuyapitie. Mengine ni kweli, mengine ni nusu, na moja linaua.

“Kuni mbichi zinakaa, kavu zinaisha upesi”

Uongo, ingawa macho yanashuhudia kweli. Kuni mbichi zinakaa motoni, hilo halina ubishi. Hazikai kwa kuwa zina moto mwingi. Zinakaa kwa kuwa zinachemsha kwanza maji yaliyomo ndani yake.

Mti uliokatwa jana, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukinunua mzigo wa kilo 10, umebeba kilo 5 za mti na kilo 5 za maji. Kilo moja ya maji haigeuki mvuke bila kula joto la megajuli 2.6 hivi, na kilo 5 zinakula megajuli 13. Joto hilo, kama lingeingia lote kwenye sufuria, lingechemsha ndoo mbili za lita 20. Badala yake linatoka na moshi mlangoni. Ukijumlisha yote, mzigo mbichi wa kilo 10 unabaki na kama megajuli 79, na mzigo wa uzito uleule uliokauka vizuri una kama 160. Nusu ya joto haipo.

Na si joto tu linalopotea. Maji yanapoza moto, na moto uliopoa hauunguzi moshi wake. Ule moshi mzito wa kijivu unaokutoa machozi ni kuni ambazo hazikupata nafasi ya kuwaka. Unazilipia, kisha unazivuta kwa pua.

Basi mnunuzi afanye nini? Mazungumzo ya sokoni ni haya:

— Mama, hizi zimekauka?

— Zimekauka, mwanangu. Ziko hapa tangu kiangazi.

Usibishane naye. Chukua vipande viwili ugonganishe. Kuni kavu inalia ko, sauti kali na fupi. Mbichi inatoa bu, kama umepiga mgomba. Kisha tazama kichwa cha kuni pale iliposhika msumeno au panga: kavu ina nyufa zinazotoka katikati kwenda ukingoni, na ganda lake linabanduka kwa kidole. Inua moja. Ikiwa nzito kupita ukubwa wake, usiifurahie bado. Kwa baadhi ya miti kuna jaribio jingine, la nyumbani: paka povu la sabuni kwenye ncha moja, weka mdomo kwenye ncha ya pili na upulize. Kwenye kuni kavu pumzi inapita na mapovu yanainuka. Kwenye mbichi mishipa imejaa maji, na utachoka mashavu bure.

Ukishanunua, kazi haijaisha. Pasua. Kuni ya duara yenye ganda lake inakauka polepole sana, kwa sababu ganda la mti liliumbwa lizuie maji yasitoke. Ikipasuliwa mara mbili au nne, ikapangwa juu ya mawe isiguse udongo, juu imefunikwa bati na pembeni wazi, upepo wa ziwa unaifanyia kazi bila malipo. Kipande cha unene wa mkono kinahitaji wiki kadhaa za kiangazi. Magogo mazito yahesabu miezi. Wale wanaofunika kuni zao zote kwa hema la plastiki mpaka chini wanazivundisha. Kule milimani wana uchaga juu ya moto, kuni za kesho zinakaushwa na moto wa leo, na huo ni ujuzi wa kuigwa na watu wa mjini, mradi uchaga uwe juu vya kutosha usije ukashika cheche.

Tusidhani ni shida ya Afrika peke yake. Tangu Mei 2021 sheria ya England inakataza kuuza kuni za mafungu madogo zenye unyevu wa zaidi ya asilimia 20. Huko ndugu zetu waliohamia nchi za baridi wanakuta kuni zinapimwa kwa kifaa cha umeme chenye sindano mbili, wakati mama yetu wa Kavimvira alishapima kwa sikio.

“Mti mgumu una joto kuliko mti laini”

Kweli kwa fungu, uongo kwa kilo.

Ukikausha kilo moja ya mti wowote na kuichoma, joto linalotoka linakaribiana sana, iwe akasia ya bonde la Ruzizi au msonobari wa bustani ya misheni. Mti ni mti, na nyuzi zake zimetengenezwa kwa vitu vilevile. Tofauti ni ujazo. Mti mgumu umebana, kwa hiyo fungu moja lina kilo nyingi zaidi. Na kwa sababu huku kuni haziuzwi kwa mizani bali kwa fungu na kwa mzigo wa mgongoni, anayechagua mti mgumu mkavu anapata zaidi kwa faranga zilezile. Zaidi ya hapo, mti mgumu unaacha kaa linalodumu, na kaa ndilo linaloivisha maharagwe. Mti laini una kazi yake pia. Unawaka upesi, unafaa chai ya asubuhi, unafaa kuamsha moto kabla ya kuweka gogo.

Mti wa ngazi, yaani mchikichi, ndio unaowadanganya wengi. Shina lake ni kubwa, likianguka linaonekana kama kuni za mwezi mzima. Ni sifongo. Limejaa maji kupita miti mingi, linakauka kwa shida, na likikauka linakuwa jepesi, linawaka kwa majivu mengi na joto dogo. Lakini ganda gumu linalofunika mise yake, lile linalopasuliwa kwa jiwe, ni kuni bora kuliko nyingi zinazouzwa barabarani. Lina unyevu kidogo, joto lake halina aibu mbele ya mti mgumu, na kutoka Makobola hadi Baraka, ambako mawese ndiyo shamba na ndiyo biashara, halikosekani. Wanaokamua mawese wamelijua hilo zamani. Wanachemsha ngazi kwa makapi na maganda ya ngazi zilizotangulia, na mti haujaguswa.

Mianzi inayoota kwa wingi kwenye miinuko ya Itombwe inawaka vizuri ikiwa kavu, lakini ipasue kwanza. Kila pingili ni chumba kilichofungwa, hewa ndani ikipata moto inapasuka kama risasi, na katika nchi yetu hakuna anayehitaji sauti hiyo usiku. Mnyaa wa ua usiingie jikoni hata kidogo. Maziwa yake yakifika jichoni yanaweza kumfanya mtu asione kwa siku kadhaa, na kuukata uchomwe mbichi ni kujitafutia taabu hiyo kwa makusudi. Miti ya mazao, mwembe na mparachichi, usiikate kwa ajili ya kuni. Subiri tawi livunjike.

“Mkaratusi ni mti mbaya”

Hapa kuna maneno mawili yamefungwa kwenye kamba moja, na yanapaswa kufunguliwa.

La kwanza, kwamba moshi wake ni sumu kuliko moshi wa miti mingine. Uongo. Harufu ile ya dawa inatoka kwenye mafuta ya majani, yaleyale ambayo bibi anachemsha mtu mwenye mafua avute mvuke. Majani mabichi na matawi membamba yakiingia motoni yanalipuka na kunuka, chakula kinaweza kushika ile harufu. Shina lililokauka halina tabia hiyo. Ni kuni nzito, inayotoa kaa zuri. Kosa moja la wanaolalamika ni kulipasua likiwa limeshakauka. Mkaratusi upasue ungali mbichi, ndipo kausha. Ukichelewa, nyuzi zake zilizojisokota zitakula shoka lako.

La pili, kwamba unakunywa maji. Hilo ni kweli. Mti unaokua haraka vile hauwezi kukua kwa umande. Ukipandwa kuzunguka chemchemi au kwenye bonde la kijito, wanakijiji wanaona maji yakipungua, na wana haki ya kulalamika. Ukipandwa kwenye mgongo wa kilima ulioachwa mtupu, mbali na chemchemi na mbali na mihogo, unalipa. Unakatwa ukiwa na miaka 5 hadi 8, kisha kisiki chake kinachipua upya bila kupanda tena. Kaskazini kwetu, kandokando ya mbuga ya Virunga, mradi wa EcoMakala ulioanzishwa na WWF mwaka 2007 uliwafanya wakulima wadogo wapande mikaratusi, akasia na grevilea katika mashamba yao, ili Goma ipike bila kula mbuga. Kwa nyumba yenye shamba dogo mimi ningechagua grevilea. Inakubali kupogolewa matawi kila mwaka, haigombani sana na mazao, na matawi yale ndiyo kuni.

“Kuni zilizotupwa na ziwa hazifai”

Uongo, kwa ziwa letu. Kila mvua kubwa inapoteremsha mito, Mulongwe na Kalimabenge inaleta magogo, na mawimbi yanayatandika mchangani. Wanaosema hayafai labda wamesikia habari za bahari. Mti uliooga maji ya bahari una chumvi, na chumvi ile ikiungua na mti inazaa gesi chafu zenye klorini. Bahari ina gramu 35 za chumvi katika lita moja. Tanganyika haina hata gramu moja, na nyingi ya hiyo ni magadi tu. Magogo ya ufukweni yapasue, yasafishe mchanga usije ukaua shoka, uyakaushe kama kuni nyingine. Ubao wenye rangi au uliopakwa lami, wa mtumbwi mkuukuu au wa mlango uliosombwa, uuache hapohapo.

“Makala hayana moshi, yanaweza kulala ndani”

Hili ndilo linaloua.

Makala yakishika vizuri hayatoi moshi, mbabula, yaani jiko la makala, inakuwa nyekundu na nzuri kutazama, na mtu anafikiri hatari imekwisha. Kumbe hatari imebadilika tu, sasa haionekani. Kaa linalowaka kwa hewa kidogo linatoa kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, haichomi koo. Ikiingia kwenye mapafu inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshika, na damu iliyoshikwa hivyo haina tena nafasi ya kubeba pumzi. Mtu anasikia kichwa kinagonga, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea. Halafu usingizi. Moshi wa kuni unakufukuza, makala yanakubembeleza.

Kinachoongeza balaa hapa kwetu ni kwamba dalili hizo ni za malaria kabisa. Kichwa, kichefuchefu, uchovu: nani Uvira asiyesema “nina malaria” na kumeza vidonge, kisha akarudi kulala katika chumba kilekile? Kuna alama za kutofautisha. Gesi haileti homa. Inawapata wote walio ndani kwa wakati mmoja, mkubwa na mdogo, na kuku kama analala humo. Na ukitoka nje, kichwa kinaanza kutulia. Ukiona watu watatu wa nyumba moja wameamka na kichwa kimoja, fungua mlango, watoe wote nje, toa mbabula, na asiyeamka kirahisi apelekwe hospitali, hata akiamka akasema yuko sawa.

Wapi inatokea? Milimani na kule Bukavu, ambako usiku ni wa baridi. Lakini huku chini pia: siku ya mvua mbabula inaingizwa ndani ili sombe iendelee kuchemka, mvua haikomi, watu wanalala na makala yamefunikwa majivu kwa ajili ya asubuhi. Majivu hayazuii gesi, yanayanyima makala hewa tu. Na kuna desturi ya kumwekea mzazi na mtoto mchanga makala kando ya kitanda, wapate joto. Nia ni njema, chumba kimefungwa, na mtoto ana mapafu madogo sana. Mtoto wa hivyo joto lake bora ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, na blanketi juu yao wote wawili.

Wapo wanaosema weka beseni la maji chumbani, gesi itanyonywa. Uongo mwingine. Kaboni monoksidi karibu haiyeyuki katika maji. Kufungua dirisha kidogo kunapunguza, hakumalizi. Dawa ni moja: mbabula iwashwe nje mpaka iwe nyekundu, ipike panapopita upepo, na wakati wa kulala itoke. Kama baridi haivumiliki, pasha mawe au jaza maji ya moto kwenye chupa ya bia yenye kizibo kizuri, uifunge kitambaa, uiweke miguuni. Joto hilo halipumui.

Na kuni? Moshi wake haujasamehewa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, nyingi yake ya jikoni, iliua watu milioni 3.2 duniani, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka 5. Nimonia ya mtoto anayebebwa mgongoni wakati wa kupika imo ndani ya hesabu hiyo.

“Makala yanaokoa miti, maana kidogo kinapika kingi”

Uongo, na hesabu yake si ngumu.

Kweli ni kwamba kilo moja ya makala ina joto karibu mara mbili ya kilo moja ya kuni kavu: megajuli 29 hivi dhidi ya 16. Lakini uliza makala hayo yalizaliwa na nini. Tanuri la udongo la wachoma makala wetu, lile la kufukia magogo na kuyavizia siku kadhaa, linatoa kilo 10 hadi 20 kwa kila kilo 100 za mti mkavu. Tuseme 15. Zile kilo 100 zingekuwa na megajuli 1,600 zikiwa kuni. Zikiwa makala zimebaki na 435. Robo tatu imepaa porini. Hata ukimpa mpishi wa makala mbabula nzuri na mpishi wa kuni mafiga matatu yanayopoteza joto pande zote, chungu cha makala bado kinapata nusu ya joto la chungu cha kuni, kwa mti uleule.

Kwa maneno mengine, gunia la kilo 40 unaloliona limesimama barabarani lilikula karibu kilo 270 za kuni kavu. Mama anayebeba kilo 30 kwa kamba ya kichwani angepanda mlima mara tisa.

Basi mbona mji mzima unapika makala? Kwa sababu ni mepesi kusafirishwa, hayaozi, na katika nyumba ya vyumba viwili ya kupanga huwezi kuwasha kuni bila kugombana na jirani. Sababu hizo ni za haki. Umeme wa Ruzizi unawasha taa ukipatikana, kupikia ni habari nyingine. Kwa hiyo sisemi uache makala. Nasema usidanganyike kwamba gunia ni jepesi kwa msitu. Msitu wa Itombwe ulitangazwa hifadhi mwaka 2006, na hifadhi haijui kama aliyekata mti alikuwa anatafuta kuni au makala. Pale ambapo pana nafuu ni kwenye tanuri. Tanuri la Casamance, lililotoka Senegal, ni lilelile la udongo lakini lina bomba la kutolea moshi na nafasi za hewa zilizopangwa, na mtu aliyefundishwa anapata kilo 25 au zaidi mahali alipokuwa anapata 15. Mnunuzi naye ana sehemu yake. Makala yaliyoiva yanalia kama kigae ukiyagonga, na yakivunjika yanang’aa. Yale ya rangi ya kahawia yanayotoa moshi ni vizinga, kuni zilizoachwa njiani, zimeuzwa kwa bei ya makala.

“Maji ya kunywa lazima yachemke dakika 20”

Uongo wenye nia njema, na unakula kuni nyingi. Uvira inaishi na kipindupindu mwaka hadi mwaka, kwa hiyo hakuna wa kucheka anayechemsha maji. Lakini kijidudu cha kipindupindu kinakufa kabla hata maji hayajaanza kutokota. Maji yakifika kwenye mchemko mkubwa, yale mapovu yanayopinduka juu hadi chini, yaache dakika moja, kisha toa. Hauts Plateaux, juu ya mita 2,000, acha dakika tatu, kwa sababu kule maji yanachemka yakiwa hayajafika digrii 100. Kwenye mita 2,500 yanachemka kwenye 92 hivi. Dakika zinazozidi hapo ni mvuke tu, na mvuke, kama tulivyoona, ndio unaokula kuni kuliko chochote. Kazi iliyobaki ni kwenye bidoni: ioshwe, ifungwe, na kikombe cha kuchotea kisizame na mkono.

Hizo digrii 92 zinaeleza pia kwa nini maharagwe ya milimani hayaivi upesi. Si ubishi wa maharagwe, ni maji yasiyopata moto wa kutosha. Loweka usiku kucha, funika sufuria, na moto ukishachemsha upunguze: sufuria inayotokota kwa fujo haina joto zaidi ya inayotokota taratibu.

“Moshi unafukuza mbu, kwa hiyo unazuia malaria”

Nusu, na nusu isiyosaidia. Mbu wanaosumbuliwa na moshi wapo, na wanarudi moshi ukipungua, yaani saa ambazo umelala na wao ndipo wanapouma. Chandarua kinafanya kazi hiyo bila kukuharibia macho. Kitu ambacho moshi unalinda kweli ni paa la nyasi. Nyumba ya milimani inayofukizwa kila siku nyasi zake zinabaki kavu, na wadudu wanazikimbia. Ndiyo maana nyumba iliyohamwa inaoza paa upesi kuliko yenye watu.

“Waokota kuni ndio walioleta mafuriko”

Usiku wa kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulitoka kitandani mwake, makumi ya watu wakafa na maelfu ya nyumba zikaenda. Maneno yalianza kabla matope hayajakauka: wanawake wa kuni wamemaliza mlima.

Mlima uliovuliwa miti unateremsha maji kwa kasi na kubeba udongo, hilo ni kweli na Uvira imejengwa chini kabisa ya ukuta wa Mitumba. Lakini mwanamke anayeokota matawi makavu haui mti. Wataalamu wa kuni walilitambua hilo tangu miaka ya 1980, baada ya kutabiri kwamba kuni za Afrika zingekwisha na zisiishe: sehemu kubwa ya misitu inaondoka kwa mashamba mapya, na karibu na miji inaondoka kwa makala. Mihogo iliyolimwa kwenye mteremko bila matuta, nyumba zilizojengwa kwenye njia ya mto, na mvua isiyo ya kawaida vina kesi ya kujibu kabla ya mzigo wa mgongoni. Na ziwa lenyewe lilipopanda miaka ile likaingia nyumba za ufukweni, lilijazwa na mvua za nchi zinazolizunguka, maji yakiwa na mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, kusini kule Kalemie.

“Sasheti moja ya kuwashia haina neno”

Uongo. Plastiki inawaka kwa mafuta yanayodondoka na moshi mweusi, na moshi huo unatoka wakati uso wako uko juu ya mbabula, unapuliza. Kipande cha tairi ni kibaya zaidi. Yanayowashia yako bure: makapi ya ngazi yaliyokaushwa juani, bado yana mafuta ya mawese ndani yake, mabua ya mihogo ya msimu uliopita, magunzi ya mahindi. Weka makapi kiganja kimoja chini, vijiti juu yake kwa kupishana ili hewa ipite, njiti moja ya kibiriti, na usipulize mpaka vijiti vimeanza kulia.